Muda wa kusubiri kufuli huhesabiwa kuanzia lini?

Swali limetoka kwa msomaji anayetunza hifadhidata ya PostgreSQL ya chama cha akiba na mikopo mjini Mbale, Uganda. Anaeleza kwamba kila mwanzo wa muhula, wazazi wanapofurika kutoa fedha za karo, skrini za makarani huganda, naye amekwisha kugundua kwamba chanzo ni michakato inayogombea kufuli (lock, yaani zuio linalompa mmoja tu ruhusa ya kubadilisha) za mistari ileile ya jedwali la akaunti. Ameandika skripti ndogo ambayo kwa kila mchakato unaosubiri huchukua saa ya sasa ikatoa query_start. Skripti hiyo ilimwonyesha kwamba mchakato wa kukokotoa riba ulikuwa umesubiri dakika 6, lakini alipofungua logi ya seva alikuta mchakato huohuo umeandikiwa sekunde 9 tu. Anauliza aamini kipi, na apime vipi ili meneja apate namba isiyopingika.

Ndugu yangu, logi ndiyo iliyojibu swali lako. Skripti imejibu swali jingine ambalo hukuliuliza. Safu ya query_start hueleza amri ya sasa ilianza kutekelezwa lini, wala haisemi lolote kuhusu ilianza kusubiri lini. Ni kama kumkuta mtu kwenye foleni ya benki ukamwuliza ametoka nyumbani saa ngapi: atakuambia saa kumi na mbili alfajiri, nawe utaandika kwamba benki imemkalisha saa tatu nzima, kumbe foleni yenyewe ameingia sasa hivi. Mchakato wako wa riba ulifanya kazi yake kwa dakika 5 na sekunde 51 bila logi kuonyesha kwamba umezuiwa na yeyote, kisha ukaufikia mstari wa mwanachama aliyekuwa dirishani akitoa fedha, na hapo ndipo ulipoanza kusubiri.

Kwa miaka mingi PostgreSQL haikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuonyesha mwanzo wa kusubiri, na wengi wetu tulikisia kwa query_start au state_change, tukijua kwamba tunakisia. Toleo la 14, lililotoka mwaka 2021, liliongeza kwenye pg_locks, orodha ya kufuli za seva, safu iitwayo waitstart, ambayo huandikwa mchakato unapoanza kusubiri kufuli na huwa tupu kwa kufuli ambayo tayari imeshapatikana. Ikiwa seva yako ni ya toleo hilo au la baadaye, badilisha skripti yako iwe hivi:

SELECT l.pid AS anayesubiri,
       clock_timestamp() - l.waitstart AS muda,
       l.locktype, l.mode,
       pg_blocking_pids(l.pid) AS wanaozuia,
       left(a.query, 60) AS amri
FROM pg_locks l
JOIN pg_stat_activity a ON a.pid = l.pid
WHERE NOT l.granted
ORDER BY l.waitstart;

Usishangae ukiona muda mtupu mara mojamoja, kwa sababu kuna kitambo kifupi sana baada ya kusubiri kuanza ambapo safu hiyo bado haijajazwa. Ukiona maandishi ya amri yamefichwa, mtumiaji unayeingia naye hana ruhusa ya kuona amri za wengine. Mpe uanachama wa pg_monitor, usimpe mamlaka yote ya seva.

Nimetumia clock_timestamp badala ya now kwa makusudi. Katika PostgreSQL, now hutoa saa ambayo muamala (transaction, yaani fungu la amri linalokamilika au kufutwa kwa pamoja) ulianza, na hubaki palepale hadi muamala uishe. Ukiendesha amri moja moja ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, hutaona tofauti, lakini skripti nyingi huandikwa kwa Python kwa kutumia maktaba ya psycopg2, ambayo hufungua muamala yenyewe mara tu amri ya kwanza inapotumwa. Skripti ya namna hiyo ikizunguka bila kufunga muamala, saa yake haisogei, na hata picha ya pg_stat_activity, orodha ya michakato ya seva, inayoiona ni ileile ya mzunguko wa kwanza, kwa kuwa seva huihifadhi hadi mwisho wa muamala. Nimewahi kuangalia kwa robo saa picha iliyogota, nikijisifu moyoni kwamba mfumo umetulia. Washa autocommit, yaani kila amri ijifunge yenyewe, kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa tuingie katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi hata baada ya kuijua waitstart: muda huo ni wa kufuli moja, si wa amri nzima. Amri moja inaweza kusubiri mara mbili, tano au kumi, na kila mara saa inaanza upya kutoka sifuri.

Unaweza kulishuhudia mwenyewe kwa madirisha matatu ya psql kwenye kompyuta ya majaribio. Katika dirisha la kwanza andika BEGIN, kisha punguza salio la akaunti namba 1107, halafu usifanye kitu. Katika dirisha la pili fanya vilevile kwa akaunti ileile, na katika la tatu pia. Madirisha mawili ya mwisho yataganda. Ukiendesha amri niliyoiandika hapo juu kutoka dirisha la nne, utaona kwamba dirisha la pili linasubiri kufuli ya aina ya transactionid na linazuiwa na la kwanza, ilhali la tatu linasubiri kufuli ya aina ya tuple (yaani ya mstari) na linazuiwa na la pili, ingawa hilo la pili lenyewe limekwama. Sababu ni kwamba PostgreSQL haiweki kufuli za mistari katika orodha ya kumbukumbu ya seva. Alama ya aliyeushika mstari huandikwa kwenye mstari wenyewe, kwenye diski. Kwa hiyo anayeutaka mstari husubiri muamala wa aliyeushika umalizike, na wanaofuata nyuma yake hupanga foleni kwa kufuli ya tuple ili mmoja tu asimame mlangoni.

Subiri kama sekunde 40, kisha andika COMMIT, yaani funga muamala, katika dirisha la kwanza. La pili litapita mara moja. La tatu litapata ile kufuli ya tuple, na papo hapo litaanza kusubiri tena, safari hii muamala wa dirisha la pili, na waitstart yake itaandikwa upya, muda urudi sifuri. Karani aliyeketi mbele ya dirisha la tatu hajapata chochote. Kwake yeye ni kusubiri kulekule kusikokatika. Lakini skripti yako, ikipita wakati huo, itasema amesubiri sekunde 2. Ukitumia namba hiyo kumwambia meneja kwamba hali si mbaya, makarani watakucheka, na watakuwa na haki.

Logi nayo ina tabia hiyohiyo, ila inakupa nafasi ya kujumlisha. Ulipoona zile sekunde 9, bila shaka mtu aliyekutangulia alikuwa amewasha mpangilio wa log_lock_waits, kwani katika matoleo mengi yanayotumika kwetu leo haiwashwi yenyewe. Ikiwashwa, kila mchakato unaosubiri kufuli kupita muda wa deadlock_timeout, ambao kwa kawaida ni sekunde 1, huandikiwa mstari, na unapoipata kufuli hiyo huandikiwa mstari wa pili. Katika majaribio yangu ilionekana hivi:

2025-02-10 08:12:41.305 UTC [4127] LOG:  process 4127 still waiting for ShareLock on transaction 918244 after 1000.187 ms
2025-02-10 08:12:41.305 UTC [4127] DETAIL:  Process holding the lock: 3980. Wait queue: 4127.
2025-02-10 08:12:41.305 UTC [4127] CONTEXT:  while updating tuple (12,7) in relation "akaunti"
2025-02-10 08:13:27.618 UTC [4127] LOG:  process 4127 acquired ShareLock on transaction 918244 after 47312.604 ms

Mstari wa kwanza unasema mchakato 4127 bado unasubiri baada ya milisekunde 1000, na wa mwisho unasema umeipata kufuli baada ya milisekunde 47312, yaani sekunde 47 na kidogo. Namba ya mwisho ndiyo kipimo halisi. Ukitoa milisekunde hizo kwenye saa ya mstari wenyewe unapata mwanzo wa kusubiri, saa 08:12:40.305, na mistari yote miwili inakubaliana juu yake. Angalia pia kwamba aliyeshika kufuli, mchakato 3980, ametajwa katika mstari wa kwanza tu. Kwa hiyo anayekusanya mistari ya mwisho peke yake anajua nani aliumia, lakini hajui nani alimwumiza.

Ili kupata muda wa amri nzima, jumlisha mistari yote ya kupata kufuli yenye namba ya mchakato ileile ndani ya amri ileile. Kumbuka mambo mawili. Kwanza, mchakato uliokatizwa ukiwa bado kwenye foleni hauandikiwi mstari wa kupata, kwa sababu haukupata. Utaona mstari wa kusubiri, kisha kosa, na muda wake utauhesabu kwa tofauti ya saa za mistari hiyo miwili, ukiongeza milisekunde zilizoandikwa katika mstari wa kusubiri. Pili, na hili ni zito zaidi, kusubiri kote kulikokwisha kabla ya sekunde 1 hakuonekani kabisa. Mchakato wa riba unaopita akaunti elfu kadhaa na kusubiri milisekunde 700 katika akaunti 30 umepoteza sekunde 21, na logi haitakuwa na hata herufi moja juu yake. Wapo wanaoshusha deadlock_timeout hadi milisekunde 100 ili waone zaidi. Mimi sipendi, kwa sababu muda huo ndio pia unaoamua ni lini seva ianze kuchunguza kama michakato imefungana yenyewe kwa yenyewe, na uchunguzi huo una gharama hasa pale foleni inapokuwa ndefu, yaani saa ileile ambayo hutaki kuiongezea seva mzigo. Kushusha hadi milisekunde 500 kwa siku moja ya uchunguzi sioni ubaya.

Kwa vipande vidogo vinavyoipita logi, njia iliyo bora ni kuchukua sampuli kila sekunde. Tengeneza jedwali dogo, tuliite kusubiri, kisha ndani ya psql andika amri ifuatayo:

INSERT INTO kusubiri
SELECT clock_timestamp(), pid, query_start, wait_event,
       pg_blocking_pids(pid), client_addr, left(query, 80)
FROM pg_stat_activity
WHERE wait_event_type = 'Lock' \watch 1

Kila mzunguko wa \watch ni muamala wake wenyewe, hivyo ule mtego wa picha iliyogota haupo. Nimeanzia pg_stat_activity, wala si pg_locks, kwa sababu kusoma pg_locks kunalazimisha seva kuzuia kidogo orodha yake yote ya kufuli, na pg_blocking_pids hufanya jambo linalofanana na hilo. Kwa mpangilio huu inaitwa tu pale ambapo kweli yupo anayesubiri. Zingatia kwamba ni 'Lock', si 'LWLock'. Hiyo ya pili ni mizuio ya ndani ya seva yenyewe, na ukizichanganya utamlaumu karani kwa jambo la ndani ya seva.

Mwisho wa siku panga mistari kwa pid na query_start pamoja, uhesabu sampuli. Hapa query_start, ambayo nimeisema vibaya tangu mwanzo, inapata kazi yake halali: haielezi muda wa kusubiri, lakini hutambulisha amri moja na kuitenga na amri nyingine ya mchakato uleule. Amri iliyoonekana katika sampuli 58 imesubiri takriban sekunde 58, hata kama kusubiri huko kulikatika vipande kumi. Kwa amri moja fupi kipimo hiki ni cha kukisia, lakini kwa jumla ya saa nzima au siku nzima kinakaribia ukweli sana, kwa sababu kusubiri kwa milisekunde 700 kuna nafasi 7 kati ya 10 ya kunaswa, na mara 30 za kusubiri hivyo zitakupa kama sampuli 21. Linganisha na zile sekunde 21 zilizokuwa hazionekani kwenye logi.

Ukiwa na namba, utaanza kutafuta aliyeshika. Safu ya wanaozuia inaweza kuwa na mchakato ambao wenyewe unasubiri, kwa kuwa pg_blocking_pids humtaja pia aliye mbele kwenye foleni anayeomba kufuli isiyopatana na yako. Fuata mnyororo hadi umpate anayezuia bila kuzuiwa. Huyo ndiye mzizi. Mtazame katika pg_stat_activity: hali yake, xact_start (saa muamala wake ulipoanza), anwani ya kompyuta yake. Usikimbilie kuilaumu amri inayoonyeshwa kwenye safu ya query, kwa sababu kwa mchakato uliotulia hiyo ni amri yake ya mwisho tu, na mara nyingi ni SELECT isiyo na hatia. Kufuli ilichukuliwa na amri iliyotangulia katika muamala huohuo.

Kwa mazingira kama yako, nakuomba uangalie mambo mawili hasa. La kwanza ni iwapo programu ya karani inapunguza salio, kisha inawasiliana na mtandao wa simu ili kutuma fedha kwa mwanachama, na ndipo inapofunga muamala. Mtandao ukichelewa sekunde 30 kujibu, kufuli ya akaunti imeshikwa sekunde 30, na hali ya mchakato huo itasomeka idle in transaction, yaani umetulia ndani ya muamala, muda wote huo. Hakuna faharasa wala seva mpya itakayoponya jambo hilo. Ni programu inayopaswa kuandika ombi katika jedwali la malipo, kufunga muamala, ndipo ipige hodi nje. La pili ni umeme. Kompyuta ya dirishani ikizimika ghafla katikati ya muamala, seva haijui kwamba mwenzake ameondoka. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, huanza kuulizia uhai wa muunganisho uliokaa kimya baada ya sekunde 7200, yaani saa mbili, na muda wote huo kufuli inaweza kubaki mikononi mwa mtu asiyekuwepo. Weka tcp_keepalives_idle iwe dakika 1, na idle_in_transaction_session_timeout iwe muda ambao una hakika hakuna kazi halali inayouzidi.

Kuhusu kikomo cha kusubiri, lock_timeout inasaidia, ila nayo huhesabu kila kufuli peke yake, kwa hiyo kikomo cha sekunde 5 hakimaanishi kwamba amri haitasubiri zaidi ya sekunde 5 kwa jumla. Anayetaka kikomo cha amri nzima atumie statement_timeout. Mahali ambapo singekosa kamwe kuiweka lock_timeout ni kabla ya ALTER TABLE, amri ya kubadilisha muundo wa jedwali: amri hiyo mara nyingi huomba kufuli isiyopatana na nyingine yoyote, na ikiwa kwenye foleni nyuma ya ripoti moja ndefu, hata wasomaji wa kawaida wanaokuja baadaye hupanga foleni nyuma yake. Sekunde 3, ikishindikana jaribu tena usiku.

Wenzako wanaotumia MySQL wataipata habari inayofanana katika sys.innodb_lock_waits, yenye safu ya umri wa kusubiri na aliyeshika katika mstari mmoja. Huko innodb_lock_wait_timeout huanza na sekunde 50, jambo linaloeleza kwa nini makarani wao hulalamika kwamba skrini huganda karibu dakika moja kisha hutoa kosa.

Jambo la mwisho kabla hujampelekea meneja jedwali lako: saa. Logi niliyoinakili hapo juu inaonyesha 08:12 kwa sababu seva iliandika kwa saa za UTC, lakini makarani wa Mbale watasema skrini ziliganda saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, na wote wako sahihi, kwani sisi tuko mbele kwa saa 3 na tunahesabu kuanzia macheo. Weka log_timezone na timezone ziwe 'Africa/Kampala', na katika ripoti andika 11:12 ukifuatisha kwa maneno saa tano na dakika kumi na mbili, ili daftari la malalamiko la makarani na logi ya seva viweze kusomwa kwa pamoja, mstari kwa mstari.